Mkono Uliomwandika Mjelde

Ilipofika katikati ya mwezi wa pili, Gudveig Solem alikuwa amechoka na maiti. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mhakiki wa riwaya za upelelezi katika gazeti moja la Trondheim, na katika miaka hiyo alikuwa amesoma habari za watu waliouawa kwa sumu, kwa kamba, kwa shoka, kwa kusukumwa kutoka kwenye feri, na mmoja aliyepigwa kichwani kwa samaki aliyegandishwa. Alifika mahali ambapo akifungua kitabu na kumkuta mtu yu hai katika ukurasa wa kwanza, alikuwa anamhurumia mapema. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Goti la kulia lilimuuma kila theluji ilipogeuka mvua. Nyumbani hakuwa na mtu wa kumlalamikia isipokuwa redio, na redio nayo ilikuwa na mambo yake.

Basi mkuu wake, Halstein, alipomwita ofisini, alikwenda bila haraka. Halstein alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne aliyesimamia kurasa za utamaduni, mpole, mwenye tabia ya kutafuna karoti mezani. Alitaka kitu kikubwa kwa toleo la Pasaka. Kila mwaka, wiki ile ambayo nchi nzima hupanda milimani na machungwa na vitabu vya mauaji, gazeti lilitoa kurasa nane za upelelezi, na mwaka huu alitaka Gudveig awalinganishe wapelelezi wawili ambao wasomaji wamegombana juu yao tangu yeye Halstein yuko shule ya msingi: Konrad Mjelde na Bi Tyra Falkanger. Alitaka wapelelezi wenyewe, waandishi wao, namna kila mmoja anavyoandika, na mwishoni jedwali. Alama moja hadi kumi kwa ujasiri, akili, mapenzi, chakula na hali ya hewa. Kisha mshindi.

"Hali ya hewa nayo inapewa alama?" Gudveig aliuliza.

"Wasomaji wanapenda jedwali, Gudveig."

Kisha, macho yakiwa kwenye karoti, akamwambia kwamba kuanzia mwezi wa saba ukurasa wa uhakiki utatoka mara moja tu kwa mwezi, na bado hawajaamua nani atauandika. Gudveig alielewa. Alisema sawa, akafunga koti lake, akaenda maktaba kuazima vile vitabu vya Bi Falkanger ambavyo alikuwa amewagawia majirani.

Vyote kwa jumla vilikuwa ishirini na vitano: Mjelde kumi na kimoja, Bi Falkanger kumi na vinne. Alivipanga juu ya meza ya jikoni katika minara miwili, akaanza kusoma upya kila mmoja tangu chini, asubuhi Mjelde, mchana Bi Falkanger, kama mtu anayekunywa dawa za aina mbili.

Mjelde alikuwa ofisa wa forodha aliyefukuzwa kwa kukataa kufumbia macho shehena moja. Ana ofisi ya chumba kimoja bandarini Kristiansund, ana gari lisilopasha joto, na samaki wake anamchemsha kwa chumvi tupu. Hazungumzi. Anawapata wauaji kwa kukaa garini na kungoja, siku tatu, siku nne, mpaka mtu anachoka kujificha na kutoka mwenyewe. Mwandishi wake, Eilert Vassbotn, aliwahi kuwa baharia wa meli za mizigo, na aliandika kama mtu anayeng'olewa maneno kama meno. Alipotaka kusema mtu amekufa, aliandika hivi: "Mjelde alifungua mlango. Mzee alikuwa amekaa. Hakuinuka. Kahawa ilikuwa bado inatoa mvuke." Basi. Msomaji aliachwa pale mlangoni ahangaike mwenyewe.

Bi Falkanger ni mjane, fundi cherehani wa zamani, na ofisi yake iko juu ya duka la mikate huko Namsos. Yeye anawapata wauaji kwa maneno. Anakula nao keki, anawauliza habari za mama zao, na kahawa haijaisha mtu ameshataja kitu ambacho hakupaswa kukijua. Mwandishi wake, Annbjørg Kvithyll, alikuwa mwalimu wa kazi za mikono, na sentensi zake zilitembea kama mtu anayekwenda dukani kwa kupitia kwa kila jirani. Kulikuwa na moja ambayo Gudveig aliipenda tangu zamani: "Ilikuwa ni kofia ya aina ile ambayo mwanamke huinunua siku anapokubali kwamba mume wake harudi tena, na Bi Falkanger, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa na mbili za namna hiyo na akampa jirani ile ya kijani, aliitazama kwa heshima kabla hajamtazama maiti aliyeivaa."

Waandishi hao wawili walikuwa wakirushiana maneno kwa miaka mingi. Vassbotn aliwahi kusema redioni kwamba Bi Falkanger hakamati wauaji, anawachosha tu. Kvithyll akajibu kwamba wasomaji wa Mjelde huuziwa karatasi nyeupe. Watu walicheka, na vitabu viliendelea kutoka. Gudveig, akiandika maelezo yake kwa kalamu nyekundu, aliona kwamba ugomvi ule ulikuwa na kiini. Vassbotn hakuamini maneno: katika vitabu vyake, kila anayeongea sana ana kitu anachoficha. Kvithyll hakuamini ukimya: katika vyake, mtu mbaya kuliko wote ni yule anayejibu kwa kichwa. Mjelde akishamtia mtu mkononi mwa polisi anarudi nyumbani kuchemsha samaki. Bi Falkanger hawezi kuondoka mpaka mtu mmoja amelia na mmoja amesamehewa, hata kama wote wawili wanakwenda gerezani.

Yote hayo alikuwa akiyajua. Angeweza kuyaandika bila kusoma chochote, na siku ya kumi na saba, akiwa na kitabu cha kumi cha Mjelde mkononi na blanketi magotini, alijiuliza kwa nini hakufanya hivyo. Ndipo alipofika ukurasa wa mia moja themanini na mbili, Mjelde amesimama mochwari, koti la marehemu liko juu ya meza.

"Koti lilikuwa na vifungo vitano. Kimoja kilishonwa na mtu aliyekuwa analia."

Alisoma mara tatu. Akaondoa miwani, akaipangusa, akasoma tena. Mjelde hakujua kushona. Katika kitabu cha nne alifunga koti lake kwa kamba ya mashua majira mazima ya baridi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuangalia uzi na kujua hali ya mkono ulioushika.

Tangu hapo alisoma kwa namna nyingine. Katika vitabu tisa vya mwanzo, Mjelde hakumuuliza mtu yeyote habari za mama yake. Katika viwili vya mwisho aliuliza mara nne. Zamani alikuwa akikataa kahawa. Sasa alingoja ichemke. Sentensi zilikuwa fupi bado, lakini zilikuwa fupi kwa namna ya nguo iliyokatwa, zikija tatu tatu, kila moja ikiwa na makovu ya mkasi pembeni. Gudveig alijaribu kitu. Alichukua aya moja ya kitabu cha kumi na moja, akaziunganisha sentensi zake kwa "na" na "ambaye" na "ijapokuwa", kisha akaisoma kwa sauti jikoni kwake. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Annbjørg Kvithyll, nzima nzima, kama vile mwenyewe amekaa upande wa pili wa meza.

Hakufurahi. Alikwenda kwenye kabati akatoa uhakiki aliouandika miaka minne kabla, kitabu hicho cha kumi na moja kilipotoka. "Hatimaye," alikuwa ameandika, "Vassbotn amejifunza kuwapenda watu." Wachapishaji waliipenda sentensi hiyo hata wakaiweka nyuma ya jalada, na jina lake chini. Aliitazama, akasikia uso unapata moto. Miaka thelathini na mmoja akiwasifu na kuwakosoa wapelelezi wa watu, na wakati yeye mwenyewe alipowekewa ushahidi mbele ya pua, aliupigia makofi.

Kesho yake asubuhi alimpigia simu Annbjørg. Walikuwa wamekutana mara kadhaa kwenye hafla za vitabu, wakafahamiana kama wanavyofahamiana mwandishi na mhakiki, kwa tahadhari. Gudveig hakuzunguka. Alisema anasoma tena vitabu vya Mjelde na angependa kuuliza juu ya kile kifungo.

Upande wa pili kilisikika kiti kikivutwa.

"Imekuchukua miaka sita," Annbjørg alisema. "Nilidhani utanipigia wiki ileile. Njoo Jumanne. Usiniletee keki, daktari amenikataza."

Jumanne Gudveig alipanda treni ya asubuhi kwenda Levanger. Fiordi, ule mkono mrefu wa bahari unaoingia nchi kavu, ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na mashamba yalikuwa nusu theluji nusu matope. Alikaa na daftari mapajani bila kulifungua. Alijua ana nini mkononi. Habari kama ile ingetoka ukurasa wa mbele, na baada ya hapo hakuna ambaye angemuuliza nani ataandika uhakiki mwezi wa saba. Kilichomsumbua ni jinsi wazo hilo lilivyofika upesi, kabla hata hajamaliza kukaa. Kisha aliwafikiria wasomaji wake, wale wazee wanaomwandikia kwa mkono, ambao walinunua kitabu cha Mjelde wakaletewa Bi Falkanger ndani ya koti la Mjelde. Wao nao walikuwa na haki ya kuambiwa. Alizungusha mambo hayo mpaka kichwa kikauma, akafumba macho hadi kituo kilipotajwa.

Annbjørg alikuwa na miaka sabini na minne, mrefu, mgongo umeinama kwa sababu ya miaka mingi juu ya madaftari na cherehani. Alimkaribisha jikoni, akamkatia mkate na jibini ya kahawia, akamimina kahawa. Kisha akasimulia bila kuulizwa, taratibu, kama mtu anayetua mzigo ambao mikono yake ilishakufa ganzi chini yake.

Miaka saba iliyopita, alisema, Eilert Vassbotn alipigwa na kiharusi akiwa katikati ya kitabu cha kumi. Mwili ulirudi nusu. Maneno hayakurudi. Mdomoni alibaki na "ndiyo", "hapana", na tusi moja la mabaharia. Kwa kuwa maisha yake yote alikubali kuhojiwa kwa nadra sana, hakuna aliyeona tofauti. Hakuwa na mke wala mtoto, ila mpwa aliyekuwa muuguzi Levanger, naye akamtafutia chumba katika nyumba ya wazee ya hapo. Miezi minane baadaye, huyo mpwa alibisha mlango wa Annbjørg akiwa na kisanduku. Ndani kulikuwa na kurasa mia moja na kumi, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda: MALIZA. USIPAMBE.

"Hata salamu hakuna," Annbjørg alisema. "Mtu amenitukana miaka ishirini na mitano, halafu ananitumia kazi ya mikono."

Gudveig alimuuliza kwa nini alikubali. Annbjørg alizungusha kikombe.

"Nilikuwa nimemchoka Tyra. Yule mwanamke anaongea, bibie. Naamka anaongea, naosha vyombo anaongea, nimemzika mume wangu mimi, naye yuko kichwani ananieleza habari za kofia ya mchungaji. Nikaenda kwa Mjelde kama unavyokwenda kukaa kwenye nyumba isiyo na samani. Nilipumzika. Usicheke. Miezi sita sikusikia neno."

Gudveig hakuwa anacheka.

Ila, Annbjørg aliendelea, hakuweza kuandika kama yule mzee. Alijaribu, na zilitoka sentensi fupi zilizokufa. Kwa hiyo aliandika kwa mkono wake mwenyewe, ndefu kama zilivyokuja, na kila Jumanne alichukua kurasa mbili akampelekea. Alimsomea kwa sauti, kisha akampa penseli. Vassbotn hakuweza tena kutunga hata sentensi ya kuomba chumvi, lakini alijua bado kipi kimezidi. Alifuta. Alifuta mistari, aya, nusu kurasa. Kile kifungo kilikuwa nusu ukurasa mzima: uzi wa rangi isiyolingana, sindano iliyopita mara nyingi mno mahali pamoja, mume aliyekuwa mlangoni akisema anaondoka, mke aliyesema ngoja nikushonee kwanza. Alifuta yote, akabakisha maneno sita.

"Alinifutia na mzaha wangu bora," Annbjørg alisema. "Wa padri na baiskeli. Sijamsamehe mpaka leo."

Vitabu viwili vilitoka hivyo. Mchapishaji alipokea kurasa zenye jina la Vassbotn na hakuuliza kitu, kwa sababu hakutaka kujibiwa. Gudveig alisema watu wangeweza kuambiwa, wangeelewa.

"Wangeelewa sana," alisema Annbjørg. "Wangemsoma kwa huruma. Yule angekufa kwa hasira kabla ya ule ugonjwa kummaliza."

Nje, mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Gudveig akamwambia alichokuja nacho: makala ya Pasaka, jedwali la alama, ukurasa wake unaokwisha. Alimwambia pia kwamba hawezi kuandika ulinganisho wa uongo, akijua ni uongo, na kwamba hajui afanye nini. Annbjørg alimtazama, si kwa ukali.

"Andika," alisema. "Nimechoka kuficha kuliko nilivyowahi kuchoka kuandika. Lakini ruhusa si yangu kuitoa. Vaa koti. Ni Jumanne, ananingoja."

Nyumba ya wazee ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Eilert Vassbotn alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mwanamume mwenye mabega mapana yaliyoanguka upande mmoja, amenyolewa vizuri, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu alichoachiwa akitunze. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Alimtazama Gudveig, kisha Annbjørg, kisha akatoa lile tusi la mabaharia, taratibu tu.

"Ndiyo, ni yeye," Annbjørg alisema. "Yule aliyesema umejifunza kuwapenda watu. Amegundua. Kwa kifungo, nilikuambia kitatuponza kile."

Gudveig alikuwa ameandaa maneno njiani, lakini mbele ya mtu yule yalionekana mengi mno. Alifungua daftari, akaandika sentensi moja, kama ambavyo angeiandika gazetini. Akampa daftari aisome: "Vitabu viwili vya mwisho vya Mjelde viliandikwa na Annbjørg Kvithyll, mpinzani wake wa miaka mingi, baada ya Eilert Vassbotn kupatwa na kiharusi kilichomnyang'anya maneno." Akamuuliza kama anaruhusu ichapishwe.

Mzee alisoma. Ilimchukua muda. Kisha alinyoosha mkono wa kushoto bila kutazama, na Annbjørg akamwekea penseli ndani yake kama mtu aliyefanya hivyo mara mia. Alifuta "mpinzani wake wa miaka mingi". Alipumzika. Akafuta tangu neno "baada" mpaka mwisho, mstari mmoja mrefu unaotetemeka, akaweka nukta kubwa. Akamrudishia.

"Vitabu viwili vya mwisho vya Mjelde viliandikwa na Annbjørg Kvithyll."

Gudveig aliisoma mara mbili. Ilikuwa ruhusa, na ilikuwa zaidi ya ruhusa; mzee alikuwa amejiondoa mwenyewe kwa mstari uleule. Annbjørg alisoma juu ya bega la Gudveig, na uso wake ukabadilika. Alimnyang'anya mzee penseli, akaongeza mwishoni, kwa herufi za mwalimu: na Eilert Vassbotn.

Vassbotn alinyoosha mkono, akachukua penseli, akayafuta.

"Usiwe mjinga, we mzee," Annbjørg alisema, akayaandika tena chini yake.

Akayafuta tena, safari hii kwa nguvu hata karatasi ikachanika kidogo. "Hapana," alisema.

"Kurasa mia na kumi ni zako. Kifungo ni chako. Mimi niliandika nusu ukurasa wa machozi, wewe ukanipa sentensi. Unadhani ningeipata mimi? Miaka hamsini naandika, sijawahi kuandika maneno sita yaliyosimama peke yake." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa imechoka tu, kama sauti ya mtu anayemwambia mwenzake afunge mlango. Akaandika mara ya tatu, akaweka daftari na penseli juu ya mapaja ya mzee.

Mzee aliishika penseli juu ya maneno yale. Gudveig aliona ncha yake ikitetemeka, ikishuka, ikisimama. Alikaa hivyo muda mrefu, akilitazama jina lake mwenyewe kama mtu anayejaribu kukumbuka amelionea wapi. Kisha vidole vikalegea, penseli ikalala katikati ya daftari, naye akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho.

"Amechoka," Annbjørg alisema. "Na mimi pia. Liache hivyo hivyo."

Gudveig aliandika makala ile kwa siku nne, polepole kuliko alivyowahi kuandika chochote. Aliwalinganisha wapelelezi wote wawili, gari baridi na duka la mikate, anayengoja na anayeuliza, yule anayeondoka bila kuaga na yule asiyeweza kuondoka. Aliandika pia kuhusu waandishi, kwamba mmoja alimchukulia msomaji kama mtu mzima asiyehitaji kushikwa mkono, na mwingine kama mgeni asiyestahili kuachwa amesimama mlangoni, na kwamba yeye, kwa umri wake, hakuweza tena kusema ni adabu ipi iliyo bora. Sentensi ile aliiweka katika aya ya saba, kama ilivyobaki, bila kuipamba. Chini yake aliandika kwamba miaka minne iliyopita alikisifu kitabu cha kumi na moja kwa sababu isiyo ya kweli, na anaomba radhi kwa wasomaji, ila kitabu chenyewe bado anakisifu.

Halstein aliisoma akasimama. Alitaka ukurasa wa mbele, picha ya waandishi wote wawili, na neno "udanganyifu" kwa herufi nyekundu. Gudveig alimwambia kwamba ikitoka hivyo ataiondoa makala yote, na Pasaka watachapisha jedwali tupu. Halikuwa tishio. Alikuwa tayari kwenda nyumbani, na huenda kijana aliliona hilo usoni mwake, kwa sababu aliketi, akafikiri, akauliza kama hata zile alama za hali ya hewa hazipo. Hazikuwepo. Makala ilitoka Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi, ukurasa wa tatu wa toleo la Pasaka, kama alivyoiandika.

Yaliyofuata yalikuwa kelele za wiki mbili. Baadhi ya watu walirudisha vitabu madukani. Mchapishaji alitoa taarifa kwamba ameshangazwa. Wengine, wakiwa milimani bila la kufanya, walivisoma vile viwili upya na kuandika barua ndefu. Nahodha mmoja wa feri, mstaafu, aliandika kwamba alijua tangu zamani, kwamba mke wake alimshonea kifungo namna hiyo siku moja na hakuwahi kumwambia mtu, na kwamba hajali nani aliandika. Annbjørg alipomsomea Vassbotn barua hiyo, mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema "ndiyo". Majira ya joto vitabu vilichapishwa upya vikiwa na majina mawili juu ya jalada. Vassbotn aliletewa nakala, akaitazama, akaifunika kwa gazeti. Alifariki mwezi wa tisa, asubuhi, kitini pake, na kwenye mazishi Annbjørg alisema sentensi tatu tu, zote fupi.

Gudveig alikuwa ameshaacha kazi wakati huo. Ukurasa wa mara moja kwa mwezi alipewa mtu mwingine, na alipokabidhi funguo hakusikia uchungu alioutarajia, alisikia usingizi. Alifanyiwa upasuaji wa jicho. Alivirudisha vitabu vya maktaba, vingine akavigawa, na kwa miezi kadhaa hakusoma kitu chochote ambamo mtu anakufa.

Mwezi wa kumi na moja Annbjørg alimpigia. Alikuwa amerudi kwa Bi Falkanger, alisema, na yule mwanamke anaongea kuliko zamani, na hakuna tena wa kumwambia kipi kimezidi. Alitaka mtu wa kumsikiliza. Gudveig alimwambia kwamba yeye ni mhakiki, anajua tu kulalamika kitabu kikishachapwa. Annbjørg akasema njoo tu, kuna supu ya samaki.

Akaenda. Mvua ilikuwa inanyesha Levanger, jiko la kuni lilikuwa limewashwa, na Annbjørg alivaa miwani akaanza kusoma, sentensi inaingia kwa jirani mmoja na kutokea kwa mwingine. Gudveig alikaa kwenye kochi, goti lake karibu na moto, akajiapiza kusikiliza kwa makini. Alipofumbua macho, supu ilikuwa inachemka na Annbjørg alikuwa bado anasoma.

"Hapo vipi?" Annbjørg aliuliza, akimtazama juu ya miwani. "Sema kweli."

Gudveig akamwambia kweli, kwamba alilala tangu ukurasa wa pili.

Annbjørg alizihesabu kurasa zilizokuwa mkononi mwake. Zilikuwa kumi na mbili. "Basi ukurasa wa kwanza unafaa," alisema, akaziweka kando na kwenda kupakua supu.